Hija ya Namugongo: Tujitayarishe Kiafya Kabla ya Kuvuka Mpaka

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, matangazo ya mwisho wa Misa katika parokia nyingi huanza kutaja jambo moja: wanaotaka kwenda Namugongo waandikishe majina na walipe nauli mapema. Viongozi hutaja bei ya basi, siku ya kuondoka na aina ya kitenge kitakachoshonwa. Mambo ya afya huachwa mpaka dakika ya mwisho, nayo husemwa kwa maneno machache tu: "Msisahau kadi ya njano." Katika ukurasa huu tungependa kuyaeleza kwa urefu zaidi, maana wapo wanaougua wakiwa hija, na wapo wengine ambao ugonjwa huwashika wakiwa wameshafika nyumbani, wala hakuna anayekumbuka kuuhusisha na safari.

Wasomaji wengi wanaifahamu historia, kwa hiyo hatutairudia yote. Karoli Lwanga na wenzake waliuawa kwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mahali penyewe pako kama kilomita 15 kutoka katikati ya Kampala. Siku ya sikukuu watu hufika kwa mamia ya maelfu, kutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na nchi za mbali zaidi. Wengi hulala hapo hapo au jirani usiku mmoja, wawili, hata wiki nzima.

Shida ya kwanza tunayoiona ni hii: Uganda hatuihesabu kuwa ni ugenini. Mtu akialikwa na mwanawe Ujerumani, miezi miwili kabla ataulizia chanjo, ataulizia bima, na atanunua koti. Lakini kwenda Uganda ni kama kwenda kwa shemeji. Ndizi ni zile zile, ziwa ni lile lile, jua ni lile lile. Basi anafunga mzigo jioni na kuondoka alfajiri. Ujirani huo ni kweli, lakini hospitali yako haiko kule, daktari anayekufahamu hayuko kule, na huenda kadi yako ya bima haitambuliwi kule. Ulizia jambo hilo la bima kabla hujaondoka, usilijue ukiwa kwenye benchi la wagonjwa.

Kadi ya njano si karatasi ya kupitia mpakani tu

Sheria za Uganda zinamtaka msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nasi Tanzania tunamdai cheti hicho msafiri anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na Uganda na Kenya zote zimo katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba hata kama afisa wa upande wa pili amekupitisha bila kukiangalia, unaweza kuulizwa cheti ukiwa unarudi kwenu.

Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu wanaouma hasa mchana. Mtu akiambukizwa, baada ya siku 3 hadi 6 hupata homa, maumivu ya kichwa na ya mgongo, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupona hapo. Wachache hupata nafuu ya siku moja hivi kisha huzidiwa: macho na ngozi huwa njano, damu hutoka puani, mdomoni au tumboni, na figo hushindwa kazi. Kati ya hao waliofikia hatua hiyo ya pili, nusu hufa. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Daktari hushughulikia tu dalili na kumwongezea mgonjwa maji. Kinga ipo, nayo ni chanjo.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya zamani au ya misituni. Mwishoni mwa mwaka 2010 homa ya manjano ilizuka kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2016 iliingia Masaka, Rukungiri na Kalangala, na Masaka ndiyo njia yenyewe wanayopita mahujaji wanaoingilia Mutukula. Mwaka 2022 ilizuka Isiolo, huko Kenya.

Kwa hiyo inatusikitisha kusikia kwamba wako mahujaji wanaonunua kadi bila kuchomwa sindano. Inasemekana kazi hiyo hufanyika haraka: jina linaandikwa, muhuri unagongwa, pesa inatolewa. Mwenye kadi hiyo amemdanganya afisa wa afya, lakini mbu hajui kusoma. Isitoshe, siku atakapougua kweli, daktari akiona kadi ataiondoa homa ya manjano katika fikira zake, na mgonjwa atatibiwa ugonjwa mwingine.

Chanjo yenyewe ni sindano moja tu, nayo hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa. Uliza hospitali ya mkoa au ofisi ya afya ya mpakani au ya uwanja wa ndege ulio karibu nawe. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kutengeneza kinga. Basi likiondoka tarehe 31 Mei, aliyechanjwa tarehe 25 bado hajakingika na kadi yake haijaanza kufanya kazi. Mwezi wa Aprili ndio wakati mzuri. Tena, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinatambulika kwa maisha yote. Zile kadi za zamani zilizoandikwa kwamba zinakwisha baada ya miaka 10 bado ni halali, wala huna haja ya kuchanjwa upya.

Lakini chanjo hii haimfai kila mtu, maana ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Watoto wa chini ya miezi 9 hawapewi kwa kawaida. Mtu ambaye mwili wake hauvumilii kabisa mayai, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana kwa sababu ya Ukimwi au dawa za saratani, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mzee wa zaidi ya miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, wote hao waonane na daktari kwanza. Daktari akiona sindano haifai ataandika barua ya kueleza hivyo. Kwa baadhi yao ushauri mzuri utakuwa kubaki nyumbani mwaka huo. Kusema kweli, mtoto mchanga hana sababu ya kupelekwa katika umati ule.

Malaria ya ugenini

Sehemu kubwa ya jimbo letu iko milimani, ambako mbu wa malaria ni wachache. Wengi wetu tumekua bila kuugua malaria mara kwa mara kama wenzetu wa pwani au wa kando ya ziwa. Jambo hilo ni jema tukiwa nyumbani, lakini tukishuka linageuka kuwa hatari. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi ana kinga ya kiasi fulani mwilini mwake: anaumwa, anatetemeka, lakini kwa kawaida hazidiwi haraka. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo. Akiumwa na mbu mwenye vimelea, malaria yaweza kumpanda kichwani kama inavyompanda mtoto mdogo.

Uganda ni mojawapo ya nchi zenye malaria nyingi sana duniani. Mvua za masika zinakuwa zimemalizika karibuni, madimbwi yamejaa, na mahujaji wanalala nje juu ya mikeka au chini ya turubai. Mbu wa malaria huuma usiku, kuanzia machweo hadi alfajiri, yaani saa zile zile za mkesha.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, chukua chandarua chenye dawa. Watu hucheka wakiona mtu amebeba chandarua kwenda hija, lakini vijiti vinne na kamba vinatosha kukifunga hata uwanjani, na ndani yake wanaenea mama na watoto wawili. Pili, jioni vaa nguo za mikono mirefu na soksi, ujipake dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizobaki wazi. Mkesha wa sala hauzuii kuvaa soksi. Tatu, muulize daktari habari za vidonge vya kinga. Vipo vya aina mbalimbali. Vingine humezwa kila siku, kama doksisaiklini, vingine mara moja kwa wiki, kama meflokwini. Vingine havifai kwa wajawazito au watoto, na vingine havimfai mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Kwa hiyo usimeze alichopewa jirani yako. Tena vidonge hivi huanza kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, vingine kwa wiki nne nzima. Anayeviacha siku aliyoshuka basi amejikinga nusu tu.

Dawa zako za kila siku

Kila basi la mahujaji limebeba watu wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, watumiao dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na wenye kifua kikuu walio katika matibabu. Wengi ni watu wazima wenye nafasi na ibada, nao ndio hasa wanaokwenda hija. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba dawa imefungwa ndani ya begi kubwa, na begi liko chini ya basi, chini ya mabegi mengine arobaini. Safari ya siku moja inageuka kuwa siku mbili kwa sababu ya foleni mpakani au gurudumu lililopasuka, na mgonjwa anaruka dozi moja, mbili, tatu.

Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina. Chukua za siku zote za safari na za wiki moja zaidi. Beba pia cheti kutoka kwa daktari wako kinachotaja ugonjwa na dawa kwa jina lake la kitaalamu, si jina la kiwanda, maana kidonge kile kile huenda Kampala kinauzwa kwa jina lingine na katika pakiti ya rangi nyingine. Kadi ya kliniki ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi isiachwe nyumbani kwa aibu. Ni afadhali ikae katika bahasha iliyofungwa kuliko kukosa dawa ugenini.

Kwa wenye kisukari tuna neno la pekee. Kutembea mwendo mrefu, kufunga, na kula kwa saa zisizojulikana vyote hushusha sukari. Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, na kusema maneno yasiyoeleweka. Watu waliokuzunguka katika mkesha wanaweza kudhani umeguswa na roho. Beba sukari au pipi mfukoni, na mwambie mwenzako mmoja hali yako ili ajue la kufanya. Insulini isiachwe ndani ya basi juani; izungushie kitambaa kibichi ndani ya chombo cha udongo au chupa ya chai isiyo na chai. Na tafadhali, mwenye kisukari asifunge bila ruhusa ya daktari, hata kama kikundi chote kimefunga. Kanisa lenyewe halimtaki mgonjwa afanye hivyo.

Njiani

Kutoka huku kwetu mabasi hupita Namanga na Nairobi hadi Busia, au hupita Singida, Kahama na Biharamulo hadi Mutukula. Kwa njia yoyote ni safari ya zaidi ya siku nzima. Damu ikikaa miguuni muda mrefu bila kusukumwa yaweza kuganda, hasa kwa wazee, wanene, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kila basi linaposimama shuka utembee, na ukiwa umekaa zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji. Akina mama wengi hujinyima maji kwa kuogopa kukosa choo njiani. Kiongozi wa msafara na apatane na dereva mapema juu ya vituo, jambo hilo liishe.

Kuhusu ajali, wanaolipa nauli wana haki ya kuuliza. Je, kuna madereva wawili? Mikanda ipo na inafanya kazi? Dereva anayeendesha usiku kucha peke yake ili kikundi kiwahi Misa ni hatari kuliko magonjwa yote tuliyoyataja hapa, na viongozi wa parokia wasione haya kumwambia apumzike. Ukifika Kampala utakutana na bodaboda nyingi kupita kiasi. Jina lenyewe inasemekana lilianzia pale Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kama hakuna njia nyingine, panda mtu mmoja tu na uvae kofia ngumu. Mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja katika msongamano wa Namugongo ni jambo tusilotaka kulisikia.

Wako vijana wanaoshuka mpakani na kumalizia kwa miguu, kilomita 200 na zaidi. Hao wavae viatu walivyokwisha kuvizoea, siyo vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya hija. Wajipake mafuta mazito katikati ya vidole, wabadili soksi mara tu zinapolowa, na lengelenge likitokea waliache na ngozi yake, walifunike. Barabara za Uganda magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo mtembea kwa miguu apite upande wa kulia akiyatazama magari yanayokuja, katika mstari mmoja, na giza likiingia wapumzike. Kikundi kinachoimba usiku katikati ya lami kikiwa kimevaa nguo nyeusi hakionekani na dereva wa lori mpaka amekifikia.

Neno moja la usalama kabla hatujaondoka kwenye basi. Usipokee soda, biskuti wala pipi kutoka kwa abiria usiyemjua, hata akiwa amevaa rozari shingoni. Wezi wa kulevya watu hawachagui basi.

Maji, chakula, na maji ya Namugongo

Kuharisha ndiko kunakowapata mahujaji wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote, na mara nyingi chanzo ni maji. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilizuka Kampala na maelfu ya watu walihisiwa kuwa nayo. Ilipochunguzwa, walishukiwa hasa maji ya visima na chemchemi zilizochafuka na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo na kuuzwa mitaani. Kwa hiyo yale maji ya baridi kwenye vifuko vya plastiki na juisi ya kuchota kwenye ndoo viache vipite. Kunywa maji yaliyochemka, au ya chupa ambayo kifuniko chake umekivunja mwenyewe, au yaliyotiwa dawa ya klorini na kuachwa nusu saa. Vidonge vya klorini ni vidogo na bei yake si kubwa. Kikundi kizima chaweza kununua kwa pamoja.

Kwa upande wa chakula hakuna haja ya woga. Matoke ya Waganda, yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke saa nyingi, ni chakula salama na kitamu, mradi yanaliwa yakiwa moto. Chapati iliyoviringishiwa mayai mbele ya macho yako nayo ni salama. Kinachodhuru ni kile kilichopoa na kutuliwa na nzi, kachumbari, na matunda yaliyokwisha kumenywa. Ndizi mbivu au chungwa menya mwenyewe, baada ya kunawa kwa sabuni. Kila hujaji awe na kipande cha sabuni mfukoni, kwa sababu penye vyoo vya umati huo sabuni huisha kabla ya saa mbili asubuhi.

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo wengi huliogopa kulisema. Pale Namugongo kuna ziwa dogo, na mahujaji huchota maji yake katika vidumu kwa heshima ya mashahidi na kwenda nayo nyumbani. Hatuna neno juu ya ibada hiyo. Lakini maji yale yako wazi, na watu maelfu kwa maelfu wametia ndani yake mikono na vyombo. Mtu akijipaka kwenye paji la uso hana hatari. Akimnywesha mtoto anayeharisha, au mgonjwa wa Ukimwi aliyedhoofika, anaweza kumwongezea ugonjwa. Anayetaka kuyanywa ayachemshe kwanza mpaka yatokote. Baraka haiishi kwa kuchemka.

Ukianza kuharisha, anza mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari, yaani ORS. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, usizidishe chumvi. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki. Kuharisha damu, homa kali, au kinyesi kinachotoka kama maji ya mchele ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kusubiri Misa imalizike.

Ukiugua kule

Siku za sikukuu watu wa Msalaba Mwekundu wa Uganda huwepo uwanjani na mahema ya huduma ya kwanza. Mjini kuna hospitali za Kanisa za Nsambya na Lubaga, na kuna Mulago ya serikali. Weka akiba ya fedha za matibabu mbali na fedha za matumizi. Ukichomwa sindano, hakikisha bomba linafunguliwa likiwa jipya mbele yako. Kiswahili hakifahamiki kila mahali. Maneno machache ya Kiganda yatakusaidia. Maji ni *amazzi*, hospitali ni *eddwaliro*, homa ni *omusujja*. Tanguliza *ssebo* kwa mwanamume na *nnyabo* kwa mwanamke, utaona watu wanavyokusaidia.

Mtoto ashonewe au aandikiwe ndani ya nguo jina lake, parokia na namba ya simu ya kiongozi. Katika kusukumana, simama pembezoni na si katikati. Mwanzo wa Misa na mwisho wake ndiyo saa za watoto kupotea.

Kuhusu magonjwa ya mlipuko, kabla ya kuondoka uliza ofisi ya afya ya wilaya hali ikoje wakati huo. Ebola ilizuka Mubende, Uganda, Septemba 2022 na ikatangazwa kwisha Januari 2023. Ikazuka tena Kampala mwanzoni mwa 2025 na kutangazwa kwisha Aprili mwaka huo. Wala tusiwanyooshee kidole majirani, maana homa ya Marburg, ambayo ni ndugu ya Ebola, ilizuka kwetu mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Magonjwa haya hayaenezwi na mtu ambaye bado haonyeshi dalili, bali kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au ya marehemu. Ukipimwa joto mpakani usikasirike, na usimeze parasetamoli ili kipimo kisionyeshe homa. Tumesikia kwamba wengine hufanya hivyo. Ni kuuficha ugonjwa ndani ya basi lenye watu sitini.

Wiki tatu baada ya kurudi

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui, nasi tungependa ikumbukwe kuliko yote. Vimelea vya malaria havimwangushi mtu siku ile ile. Huanza kujificha katika ini, na homa huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya siku 10 na 15, pengine hata baada ya miezi. Hujaji aliyeumwa na mbu usiku wa tarehe 2 Juni atarudi nyumbani mzima, atasimulia safari, atagawa rozari, na homa itamshika katikati ya mwezi akiwa shambani. Atasema ni mafua ya baridi ya Juni. Ataenda zahanati ya mlimani, ambako mhudumu haoni malaria mara nyingi, naye atampa dawa ya kikohozi. Siku ya tatu mgonjwa anaweweseka.

Kwa hiyo kila aliyerudi akipata homa, hata kidogo, aende siku hiyo hiyo na aanze kwa kusema: "Nimetoka Uganda tarehe fulani." Maneno hayo yasisubiri kuulizwa. Apimwe malaria, kipimo cha haraka cha tone la damu huchukua kama dakika 15 hadi 20. Kipimo kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, arudie kupimwa. Akipewa dawa mseto aimalize yote, hata kama amepata nafuu siku ya pili. Mgonjwa asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, aliyepatwa na degedege, anayehema kwa shida, mwenye macho ya njano au mkojo mweusi, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Muda wa siku 21 unatosha pia kujua kama mtu amechukua Ebola au Marburg, pale ambapo kulikuwa na mlipuko. Na waliooga ziwani wakati wa mapumziko ya safari wakumbuke kichocho. Wiki chache baadaye wakiona homa, vipele vya kuwasha au damu katika mkojo au choo, wamweleze daktari kwamba waliingia majini. Dawa yake ipo, ni prazikwanteli, na inatibu vizuri.

Tunawaomba makatibu wa misafara watunze orodha ya waliosafiri na simu zao, wala wasiitupe basi likishafika. Tarehe 10, 17 na 24 Juni wawapigie simu, hasa wazee wanaokaa peke yao, na kuwauliza kama wana homa. Anayesema "ni uchovu wa safari tu" aambiwe akapime.